Kuna Mtu Anaondoa Matawi

Kama umeanza kusoma hapa kwa sababu kuna mtu wako ameuliza choo kiko wapi, na nyumba aliijenga mwenyewe kwa mikono yake, karibu. Vuta kiti. Sitakufundisha udaktari maana siujui, na hata wanaoujua nimewaona wakikuna kichwa. Mimi ni mwanamke wa hoteli. Nimepika kando ya barabara ya Mombasa, hapa Mtito Andei, tangu nikiwa msichana mwembamba ambaye hakuna anayemkumbuka. Ninachojua ni kupakua. Na kwa vile nimemuuguza mume wangu mpaka mwisho, sasa najua pia kungoja.

Sitakuficha alivyoishia, usije ukasoma roho mkononi. Baba Mutheu amelala kwao Nuu, nyuma ya nyumba ya marehemu mama yake, tangu mavuno ya ndengu yaliyopita. Hakupona. Huu ugonjwa wa kusahau unaowashika wazee hauponi, na anayekuuzia mizizi mwambie apande gari aende zake. Lakini katika ile miaka yote kuna kitu kimoja nilikitaka, kimoja tu, na ndicho ninachokusimulia. Nilitaka aniite "Wa Nunguni" tena, akiniangalia usoni.

Hilo ndilo jina alilonipa yeye. Nilizaliwa Nunguni, kule juu Makueni kwenye baridi na kabeji, na nilipoolewa huku kwenye joto nilikuja na sweta mbili na blanketi zito. Mwanzia, ndilo jina lake, alicheka mpaka akashika ukuta. "Wa Nunguni! Hiyo sweta utaivaa ukienda kuoga?" Watu wengine wote wananiita Mama Mutheu, kwa binti yetu. Wa Nunguni lilikuwa la mdomo wake peke yake, na mbele ya watu hakulitumia, alikuwa na haya sana huyo mtu.

Alikuwa dereva wa trela. Akishuka Mombasa na mzigo wa haraka hakuweza kusimama, basi alipiga honi pale kituo cha petroli cha kwanza, moja ndefu na mbili fupi, nami najua yuko hai. Akipanda kurudi alipiga hivyohivyo, na hapo naweka muthokoi juu ya moto. Akimaliza kuegesha, sahani iko mezani, mahindi yamelainika na maharagwe yake, na kitunguu kibichi pembeni kama alivyopenda. Ndoa yetu yote iliendeshwa kwa honi. Wenye waume wa kukaa nyumbani walinionea huruma, nami niliwaonea wao.

Siku ugonjwa ulipojitambulisha, alikuwa anapanda. Niliweka chakula nikangoja. Simu ikalia, yuko Emali, ameshapita kitambo. "Mama Mutheu," akasema, "mji mmeuhamishia wapi?" Nilicheka. Hata wewe ungecheka. Niliwaambia madereva waliokuwa wanakula, nao wakacheka mpaka chai ikawapalia. Mji mzima, na mapetroli yake na magari yamejaa kila upande, mtu anaupita kama jiwe! Yeye kwenye simu hakucheka. Alisema polepole, "Sijauona, haki ya Mungu," na mimi niliisikia ile sauti wiki nzima nikiosha vyombo.

Haukupita muda akapeleka kontena yadi isiyo yake. Tajiri wake alikuwa mtu mwema, alimwambia apumzike. Akashuka nyumbani na blanketi la kwenye gari na chupa yake ya chai, akaketi kwenye benchi langu kama abiria.

Mwaka wa kwanza tuliuita uchovu. Baada ya hapo tukauita malaria, taifodi, presha, na kila jina lilikuja na vidonge vyake. Kanisani walikuja kuomba, wakaomba vizuri, na mchungaji akapiga magoti akanisaidia kumvua viatu ambavyo alikuwa amekataa kuvua siku nyingi. Maombi nashukuru, lakini ile ya viatu ndiyo siisahau. Dada yake, wifi yangu Kalekye, alikuja kutoka Nuu na jogoo na maneno. Jogoo tulimla. Maneno yalibaki. Alisema mbele ya wateja wangu kwamba kaka yake hakuzaliwa hivi, na kwamba sisi wanawake wa milimani tunajulikana. "Kuna kitu alilishwa," akasema. Nilikuwa nimeshika mwiko, na Mungu ndiye anajua nilivyouweka chini.

Tulipopata hospitali inayojua, tulikaa kwenye benchi refu tangu asubuhi. Ukienda, beba chai, ndizi, na nguo ya kubadilisha. Watu walikuwa wanasogea kiti kimoja kimoja kuelekea mlango, na mzee wangu alivyotazama ule msururu akajua kabisa tuko wapi. Tuko kwenye mizani ya kupimia malori. Akamwambia mama aliyekuwa mbele, "Sogea, usiache nafasi, wataruka laini." Akamwuliza kijana mwenye mkono uliofungwa amebeba nini. Nesi alipoita "Mwanzia!" alisimama wima, akajifuta shati, akasema, "Niko ndani ya tani zangu, afande." Benchi zima lilimtazama, na mimi nilitaka sakafu inimeze. Yule nesi hata hakutabasamu. "Naona, mzee," akasema. "Uko sawa. Pita." Sikumjua jina, na nimemwombea mara nyingi kuliko ndugu zangu wengine.

Daktari alikuwa msichana mdogo, rika la Mutheu. Aliongea na yeye, si na mimi. Alimaliza maswali yake, akamwambia ukweli, kwamba kichwa kinachoka na kitaendelea kuchoka. Mzee akafikiri. "Daktari, sasa hii gari inatengenezeka?" Akamjibu, "Hapana, baba. Lakini tutaiendesha polepole." Tulipotoka nje aliniambia, "Huyo mtoto ni mkweli." Wakatupa vidonge vya kumtuliza jioni, na tarehe ya kurudi, na tangu hapo nikawa napima maisha kwa kurudi kliniki. Kliniki ya wakati wa jua kali. Kliniki ya wakati wa mbaazi. Ile tuliyonyeshewa.

Mwili nao ukaanza kuhama. Kile kitambi cha dereva kiliondoka, suruali zikafungwa kwa kamba. Mkono wa kushoto ulishinda ukitafuta gia, kwenye kiti, kitandani, hata kanisani wakati wa sadaka, na chini ya meza mguu unakanyaga klachi. Kuoga akakataa. Akawa anajichafua, mtu aliyekuwa akipiga pasi ovaroli! Nilifua. Nilimpigia kelele pia, na atakayekuambia hakupiga kelele huyo hajauguza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Halafu asubuhi moja ya vumbi, mvua fupi ikiwa bado inatuzungusha, nilimpelekea chai akanishukuru kwa adabu sana.

"Asante, mama. Hoteli yako ni safi. Uko na mume?"

Nilidhani ananitania. "Niko naye."

"Anafanya kazi gani?"

"Ni dereva."

"Pole," akasema, na alimaanisha. "Sisi madereva si watu wa kuoa."

Niliingia jikoni nikakatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Tangu siku hiyo nikawa mama wa hoteli. Alinipenda, sitadanganya, alinisifu kwa wateja. Lakini nilikuwa namkosa mtu ambaye nimemkalia karibu. Nilimtamani akiwa hapohapo, bega kwa bega. Sijui kama hilo lina jina, Kikamba au Kiswahili.

Wakati huohuo alianza mambo ya matawi. Pale uani kuna mwarubaini. Alikuwa anavunja matawi, anayapanga njiani kutoka lango mpaka mlango wa hoteli, moja hapa, lingine hatua chache mbele, anarudi kuketi ametulia. Wateja wanaruka. Mimi ni mtu wa usafi, na siku yoyote mtu wa afya anaweza kupita, kwa hivyo kila asubuhi nilifagia. Akiona yametoka anachemka. Anatetemeka mdomo, anatukana, anatoka kuelekea barabara kubwa yenyewe, kwenye matrela, na mimi nyuma yake na kanga mbovu nikiita watu wanisaidie. Akirudishwa, anaanza tena kuvunja. Mti ulibaki upande mmoja. Nilimwambia daktari, akaandika. Nilimwambia Mutheu kwa simu, akauliza, "Anayapanga vipi, mama?" Nikamwambia anipe nafasi, si wakati wa maswali.

Sasa nikuambie kuhusu huyu Mutheu. Ana kibanda cha kutengeneza simu Kitui mjini, na tangu utotoni kichwa chake kiko mawinguni. Jioni anatunga hadithi za sayansi, za wakati ambao haujafika, anazirekodi kwa sauti na kuzituma kwenye simu za watu. Madereva ndio wanazipenda. Njia ni ndefu, na hadithi inamshika mtu macho. Nilijua anafanya hivyo, lakini sikuwahi kusikiliza. Akija nyumbani alijifungia stoo yangu kati ya magunia ya maharagwe, ati sauti haigongi ukuta, na akitoka sufuria zangu haziko nilipoziweka.

Siku moja madereva waliingia wakaagiza chapati na madondo ya maharagwe, na mmoja, mtu wa Mombasa, akaweka simu katikati ya meza. Wakanyamaza. Niliona mkono umesimama na kipande cha chapati njiani. Wateja wangu hawanyamazi hata wakizikwa, kwa hivyo nikasogea.

Ilikuwa sauti ya mwanangu. Anasimulia mzee anayeendesha gari la angani, anabeba barafu kutoka mwezi wa mbali kupeleka kwenye sayari kavu ambako watu wana kiu. Giza la huko lina tabia ya kunyonya kumbukumbu za madereva. Kwa hivyo kila mmoja, kabla giza halijamfikia, anaziacha vituoni zitunzwe, hapa anaacha sura ya mama yake, pale anaacha harufu ya mvua, akirudi anazichukua. Mzee wetu amesafiri sana. Ameacha nyingi mpaka hana ya kumkumbusha vituo vyenyewe viko wapi. Ndani ya gari kuna redio, na kuna sauti ya Kituo Kikuu inayomwita. Milango ya chombo ilikuwa mifuniko ya sufuria zangu, niliitambua. Dhoruba ya vumbi ilikuwa vitunguu vyangu vikikaangwa. Nilikuwa karibu kucheka. Halafu yule mzee wa angani akauliza redio, "Mji mmeuhamishia wapi?"

Weh. Nilipandwa na hasira nikasahau chai ikamwagika. Nilimpigia simu nikiwa nimesimama pale jikoni.

"Umempeleka baba yako sokoni! Watu wanamla na chapati!"

"Mama, hawajui ni yeye."

"Mimi najua!"

Akasema, akilia lakini bila kupunguza sauti, "Wewe unaamka naye, mama. Unamwona. Mimi nikipiga simu ananiuliza natoka kampuni gani. Nimweke wapi, basi? Niambie, nimweke wapi?"

Nikakata simu. Hatukuongea mpaka mvua ndefu, ambayo mwaka huo hata haikuwa ndefu.

Alikuja mwenyewe, bila kuitwa, na spika ndogo mkobani. Hakunisalimu kwa maneno mengi. Alikaa karibu na baba yake kwenye benchi akaiwasha. Mimi nilikuwa mlangoni nimefunga mikono. Mzee alisikiliza, kichwa kimeinama. Ule mkono wa kushoto uliokuwa haupumziki ukatulia juu ya goti. Redio ilipomwita dereva, akajibu. "Nakusoma, Kituo. Endelea." Sauti yake ya zamani ya kazi! Mutheu alinitazama, na mimi nikatazama pembeni.

Ilifika mahali Kituo kinamwambia dereva kwamba haruhusiwi kuingia na vumbi la nyota mwilini, lazima aoshwe. Mzee akasimama akaanza kufungua vifungo. Huyo ni mtu aliyekuwa ametupiga teke sote wawili kwa ajili ya beseni. Tulimwogesha kwa maji ya vuguvugu, sabuni mpaka nyuma ya masikio, na yeye anatuuliza kama wenzake wameshafika. "Wako njiani," Mutheu akamwambia. Nilimkausha na kumpaka mafuta. Harufu yake ilirudi, ile yake hasa, na nikainusa kwa muda. Tangu siku hiyo sikusema tena neno baya juu ya hadithi. Mwenye shida hachagui.

Ndipo Mutheu akaniomba niwe sauti ya Kituo. "Yangu haitoshi, mama. Anaitii tu."

"Mimi? Nikaongee na magunia?"

"Jaribu."

Nilijaribu, na nilikuwa mbaya kabisa. Nilisoma kama anayetangaza harambee kanisani. Alisimamisha, akaanza upya, akasimamisha. Mwisho akaninyang'anya karatasi. "Wacha haya maneno. Amepiga honi sasa hivi pale petroli. Ungesema nini?" Niliangalia magunia yangu. Nikasema, "Baba Mutheu, nimesikia. Chakula kiko juu ya moto. Njoo polepole, nipo." Mutheu hakuniambia kama ni nzuri. Alizima mashine akaniegemea begani.

Alasiri hiyo alimwekea baba yake. Nilikaa benchi lilelile, karibu naye, nikitengeneza mboga. Sauti yangu ikatoka kwenye spika, na yeye akainuka mzimamzima. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Wa Nunguni!" akasema. "Wa Nunguni, unanisikia?"

Niliangusha kisu. "Nakusikia. Niko hapa," nikasema, nikamshika mkono. "Niko hapa, baba."

Alinitoa ule mkono, si kwa ukali, kama unavyomtoa mtoto wa wenyewe. "Nyamaza kidogo, mama," akaniambia. "Naongea na mke wangu."

Nimekuahidi ukweli, basi chukua. Niliona wivu. Niliionea wivu sauti yangu mwenyewe, iliyokaa kwenye kidude chenye ukubwa wa kopo la maziwa na kupewa jina langu. Nililitamani miaka, likatamkwa mbele ya macho yangu, na halikuwa la kwangu. Mutheu alitaka kufuta ile rekodi. Nilimkataza. Jina lilikuwa bado limo ndani ya huyo mzee, hilo nililisikia kwa masikio yangu, na kitu kilichomo kinaweza kutoka.

Basi tukaishi hivyo, watatu. Asubuhi mke wake anaongea kwenye spika, naye anaoga na kumeza dawa. Mchana, joto likiwa limewalaza hata mbuzi, ananisimulia mimi, mama wa hoteli, juu ya mke wake. Na nisikilize mambo! Ati kabla ya honi ya petroli kulikuwa na nyingine aliyokuwa akipiga mbali, kule ambako hakuna nyumba, ya kujaribu tu, isije ikakataa akifika kwangu. Ati haikuwa haraka ya mzigo iliyomzuia kusimama akishuka Mombasa. "Ningesimama dakika moja ningeliacha hilo gari palepale," akasema. Maisha yote niliyokaa na huyo mtu hakuwahi kuniambia hata nusu yake. Angeniambiaje, na haya zile zake? Mgeni ndiye anayeambiwa.

"Anakungoja?" nilimwuliza siku moja.

"Ananingoja." Alitazama lango. "Lakini gari imekufa, mama. Imenizimikia hapa kwako. Mimi najua imekufa, si mjinga. Nimeweka matawi ili watu wapite polepole. Sasa kuna mtu anaondoa matawi."

Mkono wangu ulisimama kwenye sufuria.

"Nani anaondoa?"

"Sijui. Kila nikiweka, anaondoa. Watu watanigonga." Akashusha sauti, asisikike na wateja. "Ni mtu asiyejua barabara."

Asi! Mimi! Mimi ambaye nimekula na kulala kando ya hii barabara, ninayejua kabla ya polisi lori likiharibika, kwa vile nayaona matawi mabichi yametandazwa lami nzima kumwambia anayekuja nyuma, punguza, kuna mwenzako amekwama. Mtoto wa Mtito anajua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Na mimi nikafagia. Kila asubuhi aliandika mlangoni kwangu kwamba amekwama na anaomba apitwe polepole, nami nikachukua ufagio. Hakuwa amepotea kama tulivyodhani. Alijua alipo.

Kesho yake nilimtangulia kuamka. Nilivunja matawi mwenyewe, upande wa mti uliobaki, nikayaweka kama madereva wanavyoweka, ya kwanza mbali, kisha yakikaribiana kadiri unavyoisogelea gari. Gari ilikuwa kiti chake. Alipotoka alisimama akayakagua moja baada ya lingine, mikono nyuma. "Huyu," akasema, "amefundishwa na dereva." Akaketi. Siku hiyo hakwenda barabarani, wala siku iliyofuata. Wifi Kalekye alipokuja tena kutoka Nuu, akiwa na maneno mapya, alikuta matawi njiani akauliza ni uchawi gani. Kaka yake akamwinulia mkono kutoka mbali. "Polepole, mama! Kuna gari imekwama!" Alisimama hapo langoni muda mrefu. Halafu akainua gauni lake, akapita kati ya tawi na tawi bila kukanyaga hata moja, na alipofika aliketi akamkata mzee kucha. Hatukuongea juu ya mambo ya kulishwa tena.

Kwa hivyo wewe unayeuguza, mtu wako akifanya jambo la ajabu na akalirudia, weka ufagio chini kwanza. Mwulize. Sikupi zaidi ya hapo, mengine utayaona mwenyewe.

Baada ya ndengu kuanza kuweka maganda alikuwa wa kitandani. Alikula vijiko vichache, akasinzia, akaamka akauliza gari. Tulimleta chumba cha mbele ili asikie barabara. Kliniki wakasema tusimchoshe na safari. Huko njiani madereva walikuwa wanamwandikia Mutheu wakitaka kujua yule mzee wa angani atafika lini. Alikuwa ameandika mwisho mzuri. Mzee anapita kituo kwa kituo, anakusanya kumbukumbu zake zote, anashuka nyumbani kamili.

"Hapana," nikamwambia. "Kuna watu wanasikiliza hiyo wakiwa wanatoka kliniki. Usiwadanganye."

"Sasa afe kwenye giza, mama?"

"Nani amesema yeye ndiye wa kufika?"

Tukaingia stoo, na safari hii sikuhitaji karatasi.

Ilikuwa mchana, mabati yanalia kwa joto. Mutheu aliweka spika karibu na mto wake akaiwasha, mimi nikatoka nje nikasimama kwenye matawi. Nilikuwa nimevaa sweta. Ndiyo, sweta, Mtito Andei, saa nane mchana, jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu, na madereva pale mezani wananitazama wakidhani ugonjwa umehamia kwangu.  Nilijiambia ikikataa, imekataa, nitaingia kama mama wa hoteli nimpe maji. Kisha niliisikia sauti yangu kwenye spika kule ndani ikisema, "Dereva, zima injini. Mzigo umefika. Usihangaike kuja nyumbani. Nimeyaona matawi yako, nakuja mimi. Nikibisha, fungua."

Nikabisha. Nikaingia nikisema yaleyale, kwa sauti ileile, "Baba Mutheu, nimesikia. Nipo," na spika ikazimika mimi nikiendelea.

Aligeuza kichwa. Alianzia kwenye sweta, akapanda polepole, akafika usoni, akakaa hapo. 

"Wa Nunguni," akasema. "Umefika."

"Nimefika."

"Na joto hili." Akanitafuta mkono, nikampa, na hakuutoa. "Umekula?"

Hakuna mtu anayemwuliza mwenye hoteli kama amekula. Nilijaribu kusema ndiyo, na nikashindwa kudanganya. "Bado," nikamwambia.

Akaelekeza kidevu jikoni. "Mwambie yule mama akupakulie," akasema. "Usimwogope, ni mtu mzuri sana. Amenitunza wakati wote ule hukuwepo."

Mutheu alitoka nje mbio. Mimi nilikwenda jikoni, nikajipakulia muthokoi sahani ya kujaa, na kitunguu kibichi pembeni. Nikarudi nikaketi kitandani karibu naye na sweta yangu, nikala yote, naye ananitazama mpaka nikamaliza.